Sekunde Ishirini Katikati ya Ruvuvu

Deodata aliwaona watu juu ya mwamba katikati ya mto Ruvuvu asubuhi, ukungu ukiwa umejitenga kidogo. Walikuwa tisa, wameloa chapachapa. Mtumbwi uliowatoa upande wa Burundi ulikuwa umepasuka na kuchukuliwa na maji. Mwaka ule wa 2015 watu waliokimbia machafuko ya Burundi walivuka kila siku kuingia Ngara, lakini si wote waliofika.

Deodata, binti wa mkulima wa Kanazi, alikuwa fundi kwenye boti ya kupima mto. Kubeba abiria kulikatazwa. Alimtazama nahodha, mzee Danstan. Mzee aligeuza usukani kuelekea mwambani.

"Shikamoo, bibi," Deodata alimwambia kikongwe aliyemvuta wa kwanza.

"Marahaba, mwanangu," bibi alijibu, meno yakigongana.

Hata hawajakaa vizuri, ukungu ukarudi na kuwafunika gubigubi. Danstan hakuona hata ncha ya boti yake. Siku nyingine asingejali, maana GPS na kipima kina cha maji vilimwonyesha njia. Namba za vifaa hivyo zilifika kwenye simu ya Deodata kutoka kompyuta ndogo iliyofungiwa sandukuni, isiyo na kioo wala kibodi. Lakini katika purukushani ya kupanda, mtu alikanyaga waya, umeme ukakatika na kurudi. Sasa namba zilikuwa zimeganda.

"Mita ngapi?" mzee aliuliza.

"Sijui, mzee. Programu za vipimo zimekufa."

"Basi zifufue. Mafuta ya kushindana na maji haya si mengi."

Deodata alikuwa na skripti, faili la amri alilojiandikia ofisini ili lizime programu zote na kuziwasha upya kwa mkupuo. Akaiendesha kwa simu. GPS ikaamka. Kipima kina kikaamka, kikafa. Akarudia; kikafa tena. Chini yao jiwe lilikwaruza boti, na mtoto akapiga yowe.

"Nakwenda hivyo hivyo!" Danstan alifoka.

"Subiri, mzee, nakuomba!"

Alijilazimisha kusoma ujumbe wa kosa. Kipima kina kilidai kwanza kipewe saa sahihi na GPS, na GPS ilikuwa bado inatafuta setilaiti. Ofisini kifaa chenyewe cha GPS hakikukatiwa umeme kamwe, kwa hiyo kasoro ile hakuwahi kuiona. Kosa lilikuwa lake. Akafuta vidole vilivyoloa kwenye nywele, akafungua faili, akaongeza mstari mmoja: ngoja sekunde ishirini.

Akaiendesha. Bibi alikuwa akisali kwa Kirundi. Boti ilisukumwa ubavu. Kumi na tano. Kumi na nane.

"Mita moja na nusu!" Deodata alipaza sauti. "Moja! Kata kulia, mzee! Mbili. Tatu. Nenda!"

Walipogusa matope ya Ngara, wanakijiji walikuja mbio na mablanketi. Deodata alimshika bibi mkono, akamsaidia kushuka.

Simu ikaita. Alikuwa Laurian, msimamizi wao.

"Naona kwenye ramani huku ofisini boti imetoka kwenye mstari wa kazi. Mmebeba nini?"

"Watu, bosi. Tisa."

"Wazima?"

"Wazima wote."

"Ripoti ya kubeba abiria nitaiandika mwenyewe," Laurian alisema. "Mwambie mzee anywe chai kwanza."