Kunde Zilizogoma Kufa

Siku ya ishirini na moja ya jaribio la ukame, bila maji, kunde za shamba zilipaswa kuwa zimekufa. Zilikuwa kijani, zimesimama wima. Fundi wa kitalu, aliyeitwa Kipimo kwa sababu hata sukari ya chai aliipima kwa mizani, alizihesabu mara ya tatu. Vyungu vinane vya kunde za shamba, vizima. Vyungu vinane vya kunde mwitu alizozileta mwenyewe kutoka mbugani, navyo vizima.

"Basi hazina tofauti," alisema mkuu wa kituo cha utafiti. "Hizo za porini hazivumilii ukame kuliko hizi. Kesho ng'oa, nafasi inahitajika."

Kung'oa! Mbuga ile ilishalimwa yote, na mbegu nyingine hakuwa nazo. Tumaini lake ni maganda machache mabichi yaliyoning'inia kwenye kunde mwitu. Alipima udongo wa kunde za shamba: una maji. Mabomba yamefungwa, paa halivuji, maji yametoka wapi? Akaanza kuwaza mambo ya wachawi, akajionea aibu, mtu mzima aliyesoma. Tena kuna jambo alilokuwa akilifukuza kichwani: siku ya kumi na mbili, kunde mwitu ziliponyauka, alishindwa kujizuia akazipa kikombe kimoja kimoja. Lakini hizi za shamba hakuzigusa!

Shangazi, mama wa usafi, akaingia na ndoo.

"Mwanangu, mbona umeduwaa?"

"Shangazi, hizi nani anazipa maji?"

"Si mimi? Kila asubuhi kabla hujaja. Nyie mna roho ngumu, chakula kinakauka mnakitazama tu na kalamu mkononi!"

"Na zile?"

"Yale magugu? Hata tone."

Mkuu, aliyekuwa bado mlangoni, alipiga makofi. "Kumbe za porini zimeishi kavukavu! Andika hivyo, natia sahihi sasa hivi." Kisha akamgeukia Shangazi. "Na wewe kesho usirudi. Umetuharibia jaribio."

Shangazi aliweka ndoo chini taratibu. Kipimo alishika kalamu, akairudisha mfukoni. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Mkuu, hazikukaa kavu. Mimi nilizipa maji."

"Kiasi gani?"

"Sikupima."

Mkuu aliwatazama wote wawili, asijue aanze kumfukuza nani. "Ulizipa kwa nini?"

"Nilizionea huruma."

"Haya!" alisema Shangazi. "Na mimi je?"

"Jaribio limekufa," mkuu alisema mwishowe. "Rudini kazini, wote wawili. Maganda yakikomaa tutaanza upya, na ufunguo wa kitalu nitakaa nao mimi. Yasipokomaa, basi tena."

Akaondoka. Maganda yalikuwa mabichi bado, na majani yameanza kulegea. Shangazi alichota maji, akasimama mbele ya yale magugu.

"Niyape kiasi gani?"

Kipimo hakujua. "Yape tu, Shangazi."