Mwenye Kukaribisha Huonja Kwanza

Dada yangu Tabitha alirudi kijijini kwetu Nkoaranga na digrii ya kemia wakati serikali inapunguza watu kazini, siyo kuajiri. Akawa anapalilia kahawa ya Mama, nami nikimwita Profesa wa Jembe. Hakucheka. Mimi niliyeishia kidato cha nne ningefanya kazi gani nyingine kama si kumchokoza?

Hatimaye kampuni moja ya mjini ikamchukua kwa majaribio: mtaalamu wa mazingira. Kazi ya kwanza ikawa kwetu. Matajiri waliokuwa wakijenga Njiro, kule mjini, walitaka chemchemi yetu ya juu migombani iingie kwenye bomba, iteremke hadi kwenye nyumba zao za geti. Sisi tungebaki na kisima walichokwisha kutuchimbia bondeni. Kijiji kikikubali, Tabitha anaajiriwa moja kwa moja. Kikikataa, jembe bado lipo nyuma ya mlango.

Siku aliyopima maji ya kisima alinikuta jikoni nikimenya ndizi.

"Vipi, Profesa? Yana mamba?"

"Yana floraidi. Nyingi kuliko hiyo iliyotuharibu meno. Haya yatawapinda watoto miguu."

Nikamkenulia meno yangu ya rangi ya chai kavu. "Basi kijiji kizima tutafanana."

"Acha upuuzi! Nimemwambia bosi, Bwana Abdiel. Anasema mtambo wa kuchuja utakuja baadaye."

"Baadaye ya lini?"

Akachukua kisu, akaanza kumenya nami.

Mkutano ulifanyika palepale kisimani. Bwana Abdiel, mwenye kampuni, aliyasifu yale maji mpaka nikaona kiu. Ndipo akasimama Mzee Efraimu, ambaye kijiji kizima humsikiliza.

"Shikamoo, mzee," Tabitha akawahi.

"Marahaba, mwanangu. Unajua kwetu mwenye kukaribisha huonja kwanza, hata pombe ya harusi. Haya nani anaonja?"

Bwana Abdiel akachota kikombe. Hakukipeleka mdomoni mwake, alimpa Tabitha. "Mtaalamu wenu huyu, tena mtoto wenu."

"Profesa, usimalize, tubakizie!" nikapiga kelele. Watu wakaangua kicheko.

Tabitha akakipokea. Kikombe kimoja hakimdhuru mtu, hilo alilijua kuliko wote pale. Mifupa hupindwa na miaka ya kuyanywa. Akanywa chote, akakifudikiza watu waone. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Basi, yamekwisha," akasema Mzee Efraimu. "Wachukue chemchemi."

Tulipofika nyumbani Mama alikuwa ameshatangulia na ndoo yake, imejaa. Tabitha akaipiga teke, maji yakatapakaa uani.

"Maji haya usinywe, Mama. Nitakuletea mengine kutoka mjini."

"Si umeyanywa mbele ya watu?"

"Kikombe kimoja tu, Mama."

"Kama yana ubaya, twende ukawaambie. Bado wako kisimani."

Tabitha akaketi kizingitini. Nilitafuta neno la kumchekesha, nikalikosa. Mama alisubiri, kisha akaokota ndoo.

"Huna la kuwaambia wao, basi na mimi usiniambie."

Akateremka tena. Nikamfuata nimbebee, akakataa. Kisimani foleni ilikuwa ndefu, lakini wanawake walipomwona wakasogea pembeni, wakampisha achote kwanza, mama wa mtaalamu.