Mbwa Aliyeletwa Badala ya Ng'ombe

Mzee Esdras Nshimiyimana wa Bihambwe alikuwa mwana wa Habineza, katekista aliyezunguka vilima vyote vya Masisi kwa miguu, ubao wa kuandikia begani. Habineza naye alikuwa mwana wa Hakorimana, ambaye, watu wawili walipogombea mpaka wa shamba la maharage, alisimama katikati yao akanyamaza, hata wote wawili wakaona haya wakarudi nyumbani. Katika ukoo huo hakupata kutokea mwizi, mlevi, wala mtu wa kuingia kanisani mahubiri yameanza. Mzee Esdras aliyajua hayo yote kwa moyo, na yeyote aliyeketi naye robo saa aliyajua pia.

Kwa hiyo mjukuu wake Uwamwezi alipochumbiwa na Evode, kijana wa Goma, mzee alisimama Jumapili mbele ya waumini akatamka: "Hakuna binti wa nyumba ya Habineza atakayetoka kwangu pasipo ng'ombe kuletwa uani na nasaba kusifiwa mbele ya watu, hata niridhike." Uwamwezi alimpenda Evode kupita kiasi. Alisema amina kwa sauti ndogo, maana babu yake alikuwa amefundisha shule miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo hakuwahi kufuta neno alilokwisha kuliandika ubaoni.

Siku ya mahari ikawadia. Desturi ni hii: msemaji wa wageni humsifu ng'ombe, ni binti wa nani, ametoka zizi gani, pembe zake zimekaaje, na mzee wa nyumba husikiliza, huuliza, kisha hujibu. Pasipo jibu lake hakuna harusi. Mzee Esdras alivaa koti lake la kijivu na viatu alivyovipaka rangi mara mbili. Chungu cha pombe ya ndizi kiliwekwa kati ya pande mbili, kwa heshima ya wageni.

Wakaingia watatu mbele: Evode mwenyewe, mjomba wake Damascène, aliyekuwa msemaji, na bibi yake mzaa baba, Anastasie, mjane wa kijiji cha Ntoto, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Ng'ombe hakuonekana.

"Bwana msemaji," akasema Mzee Esdras, "naona watu, naona mwavuli, naona kikapu. Ng'ombe yuko wapi?"

Damascène akakohoa. "Papa, iko mu kikapu."

Evode akafunua kitambaa. Ndani aliketi kiumbe mwenye manyoya ya kujikunja kama kondoo, masikio yaliyosimama kama ya popo, na mkia uliojiviringa mgongoni. Alikuwa amevaa triko nyekundu, sweta ndogo ya kufumwa.

"Ni kondoo ao ni mutoto ya mutu?" akauliza Mukandori, mke wa mzee.

"Ni imbwa, Mama, lakini haiko imbwa tu," akasema Evode. "Hii njo Kanishiberje Ruwayali, ya kifalme. Kule Goma wakubwa wanaipigania. Mutu anaacha ngombe mbili, anachukua moja ya hii."

"Kanishi nini?" akauliza mzee.

"Kanishiberje, Papa. Unachukua kanishi, ile imbwa ya Wazungu ya manyoya, unaichanganya na berje, ile ya kulinda kondoo. Na jina nayo unachanganya. Iko na Labrakanishi, iko na Shiwaberje. Bila jina, inabaki imbwa. Na jina, inakuwa maajabu."

"Kijana," akasema Mzee Esdras, "mke wangu huchanganya maharage na mihogo kila siku aliyoiumba Mungu. Hajapata kuviita Maharamihogo. Huviita chakula."

"Lakini leo niko napika Sombelenga Ruwayali!" mama mmoja akapaza sauti kutoka jikoni. "Sombe na lengalenga, majani mbili mu chungu moja! Mukuje na visahani vya zahabu!"

Ua mzima ukacheka. Mzee akainua fimbo, pakawa kimya. Hapo ndipo alipomwona Uwamwezi mlangoni, amejifunga kitambaa kipya, machozi yamemjaa. Moyo ukamchoma. Lakini neno lilikwisha kutamkwa kanisani, na neno la mtu mzima si shati la kugeuzwa ndani nje.

"Mwalimu hakatai daftari kabla ya kulisoma," akasema. "Isifiwe nasaba yake. Nitasikiliza."

Evode akachomoa karatasi iliyofungwa kwa plastiki, akasoma kwa madaha: "Kanishiberje Ruwayali, mutoto wa Prensi Maksimiliani na Dyushesi Valansia, mwenye manyoya ya hariri, asiyekula kitu kama haiko samaki ya kopo!"

"Babu yake mzaa baba?"

Evode akageuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe. "Papa, inaishia pale."

"Inaishia kwa baba! Prensi, mwana wa mfalme, asiye na baba!"

Wakati huo Kanishiberje alikuwa ametoka kikapuni bila kuaga mtu. Akakifikia chungu, akaingiza kichwa, akanywa kama aliyealikwa. Kisha akatembea kama mtu anayevuka mto juu ya gogo, akafika kwa Mzee Esdras, akajilaza juu ya kiatu chake cha kuume, akaanza kukoroma.

Hilo lilikuwa jambo zito, kwa sababu mzee alikuwa tayari amesimama ili akatae. Na anayekataa, kwa desturi, hugeuka akaingia ndani bila kutazama nyuma. Akavuta mguu polepole, mbwa akaukumbatia. Mkristo hampigi teke mlevi aliyelala. Basi akabaki amesimama wima, uso mkali, mguu mmoja mateka.

"Nasema hivi," akaanza, "mnyama asiye na babu..."

"Asiye na babu njo nani?" Ilikuwa sauti ya Anastasie. "Evode, unawaambia watu nini? Baba ya huyu nilimulisha na mikono yangu!"

"Koko, tafazali, nyamaza."

"Bibi yako hanyamazi! Prensi gani? Baba yake iko Kimya, imbwa yangu ya kuwinda ya Ntoto. Haibweki, njo maana tunamufunga kengele ya muti ku shingo. Mama yake iko ile ya manyoya yenye enjeniere mumoja wa mugodi ya Bisie alituachia wakati alirudi kwao. Berje haiko hapa hata ukucha! Wewe uliosha watoto ya imbwa na sabuni ya nywele, ukawavalisha triko."

Evode akaitazama karatasi yake kana kwamba ndiyo iliyomsaliti. Lakini Mzee Esdras alikuwa ameinua kichwa.

"Mama Anastasie, baba wa Kimya ni nani?"

"Mutego. Alikamata nguruwe ya pori tatu siku moja. Ntoto yote tulikula mpaka Jumapili."

"Na baba wa Mutego?"

"Shoka. Huyo alimufuata nungunungu mu shimo. Alitoka na miiba mu uso mzima, lakini nungunungu alitoka naye. Na baba ya Shoka iko Tulia. Watoto wawili walipotea mu pori, yeye njo aliwarudisha, kengele inalia mbele yao."

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akavua kofia. Mzee Esdras akamtazama mlevi aliye kiatuni pake, akamwinamia kidogo. "Kumbe ni mtu wa watu," akasema.

Kisha akamgeukia Evode. "Ulipewa mnyama mwenye wazee wa namna hii, ukawafuta ukaandika Prensi? Na wewe mwenyewe, nitajie babu zako."

"Mimi mutoto wa Céléstin," akasema Evode. "Na Céléstin ni mutoto wa... wa..." Akamtupia bibi yake jicho.

"Usiniangalie! Mume wangu alikubeba mu mugongo miaka saba!"

"Babu naye tulikuwa tunamuita Koko tu," akasema Evode, akainamisha kichwa.

Hakuna aliyecheka isipokuwa Damascène, naye akaacha.

"Jibu langu ni hili," akasema Mzee Esdras. "Mbwa namkaribisha kama mgeni; mahari si yeye. Nasaba yake imemshinda bwana harusi, na ningefuata haki tupu ningemwoza Uwamwezi kwa mbwa. Nenda Ntoto, ukae miguuni pa bibi yako. Baada ya siku kumi na nne urudi na ng'ombe na majina ya babu saba."

"Na asipojua?" akauliza Uwamwezi.

"Hakuna harusi."

"Basi atajua," akasema binti, akifuta macho. "Nitamuhoji ku telefone kila asubui. Evode, usizime telefone!"

Siku ya kumi na nne Evode alirudi, matope hadi magotini, akimwongoza ng'ombe mwenye pembe nzuri. Akasimama katikati ya ua, mikono nyuma kama mwanafunzi, akataja babu saba bila kuvuta pumzi. Mzee Esdras, kwa mazoea ya kazi, akamwuliza pia hesabu ya mara saba, hadi saba mara kumi na mbili. Evode akaijua yote. Mzee akaridhika, na vigelegele vikapigwa hadi bondeni.

Nanyi vijana, tegeni masikio. Wekeni chini hizo telefone, mwende kwa wazee wenu leo, wala si kesho, mwulize: nimetoka kwa nani? Mwandike majina yao kwa kalamu, bila kuongeza Ruwayali. Nasema mara moja, na sitarudia.