Mayai Yasiyopasuka

Perpétue alikuwa akikoroga sombe ya majani ya muhogo jikoni Jumamosi alasiri, yai lilipogonga dirisha. Hakugeuka. Jirani wa ng'ambo ya kichochoro alikuwa akiwarushia mayai tangu theluji ilipoyeyuka, na kila yai lilikuja na maneno yaleyale: rudini kwenu. Mume wake, Byamungu, alichukua ndoo na kitambaa akatoka kufuta kioo, kama kawaida yake. Safari hii alirudi kitambaa kikiwa kikavu.

"Mama Gentille, halikupasuka," alisema, akaliweka yai mezani. Lilikuwa na joto.

"Basi liweke karibu na hita."

Ilikuwa mwaka 2014, katika mji mdogo ulioshikana na Minneapolis upande wa kaskazini. Binti yao Gentille alikuwa chuoni Duluth, na wao wawili walibaki peke yao katika nyumba ya ghorofa ya chini. Perpétue alikuwa amekwisha kuripoti kila mahali. Polisi walimwambia ugomvi wa majirani ni wa ofisi ya nyumba. Ofisi ya nyumba ilimwambia aongee na meneja wa jengo. Meneja alimwambia awapigie polisi. Aliwapigia, wakamshukuru kwa kupiga simu.

Byamungu alitaka wahame. Usingizi ulikuwa umemkimbia, na kishindo kidogo tu kilimkalisha kitandani.

"Nilishakimbia vita Uvira," Perpétue alimjibu. "Siwezi kukimbia tena kwa sababu ya mayai."

Tangu Jumamosi ile hakuna yai lililopasuka. Yaligonga kioo, yakatua mazima kwenye kizingiti, na karibu na hita yakaanguliwa. Baridi ilipokaza, vifaranga wa kwanza walikuwa kuku wazima, na kati yao jogoo mmoja mwekundu. Walilala ndani ya bafu. Watu wa kanisa walipokuja kusali walisogeza miguu ili kuku wapite, wakauliza tu kama wanataga. Walitaga.

Kisha ofisi ya nyumba ikaja, kesho yake tu baada ya kupigiwa simu mara moja. Afisa wao, mtu mwenye adabu, alivua viatu mlangoni.

"Kuna mtu amelalamikia jogoo," alisema.

"Nani?"

"Jirani wa ng'ambo."

"Huyo ndiye anayeyarusha mayai."

Afisa alilitazama dirisha kwa makini, akakiri kwamba alama za zamani zilikuwepo. "Lakini hilo si letu," alisema, akavaa viatu vyake.

Jioni hiyo Rahab, muuguzi Mkenya anayeishi Blaine, aliwapitia akitoka kazini. Alisikiliza yote huku kifaranga amelala juu ya kiatu chake.

"Mama Gentille, usi-report tena," alisema. "Omba review. Waitwe wote pamoja, kila mmoja aseme alifanya nini na ripoti zako. Ni haki yako."

"Na wakisema hawakufanya kitu?"

"Angalau watasema wakikuangalia."

Mapitio yalifanyika mwezi wa pili, katika chumba chenye zulia la kijivu. Byamungu alimleta jogoo ndani ya koti, kwa kuwa naye alikuwa amelalamikiwa. Mwenyekiti, mama mwenye mvi, aliwauliza kwa zamu. Polisi alisema ripoti hizo hazifahamu. Jogoo akawika. Mwenyekiti akangoja amalize. Afisa wa nyumba alisema kabla ya habari ya kuku hakuwahi kumsikia mama huyu. Jogoo akawika. Meneja wa jengo, aliyekwisha kunywa chai sebuleni kwao, alisema hamkumbuki. Jogoo akawika mara ya tatu, kisha akafumba macho.

Perpétue aliijua habari hiyo ya Injili tangu utotoni. Akawatazama mmoja mmoja, aone ni nani atakayetoka nje akalie kwa uchungu. Meneja akainuka, akachukua koti lake, akatoka. Perpétue akaushika mkono wa Byamungu na kuubana.

Baada ya muda meneja akarudi. Alikuwa amekwenda kuongeza muda wa maegesho ya gari.

Uamuzi ulitolewa palepale. Kila ofisi ilikuwa imefuata utaratibu wake, na hapakuwa na la kurekebisha. Kasoro ilikuwa moja: jogoo haruhusiwi mjini. Rahab alimpakia kwenye gari lake, akampeleka kwa mtu wa kwao mwenye shamba. Perpétue hakulia. Alisema tu kwamba amechoka, na kwamba hahami.

Siku iliyofuata Byamungu alitundika blanketi nje, chini ya dirisha, ili mayai yasiumie. Perpétue aliwamwagia kuku mahindi. Yai lilipokuja, lilidunda kwenye kioo na kutua ndani ya blanketi bila kishindo, na maneno yaliyolifuata yakasikika vizuri zaidi.