Salamu kwa Mashine ya Pili

Mkaguzi wa umeme alipokuja kwenye duka letu la dobi, dada yangu alikuwa ameshazikwa, na nyumbani ilikuwa imekubalika kwamba alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Daktari ndiye aliyeandika hivyo. Alipelekewa mtu aliyekwisha kata roho, na mjomba, aliyempeleka, alieleza kwamba ameanguka tu akiwa kazini.

Mama hakulia sana mbele za watu. Alibaki na swali moja, akawa analiuliza akiosha vyombo, akifunga dirisha, akinitazama nikila. "Mbona hakuniambia anaumwa?" Alikuwa akipekua kumbukumbu zake kama mtu anayetafuta ufunguo. Akakumbuka siku dada yangu alipopanda ngazi akahema. Akakumbuka alivyoacha chakula nusu. Kila alichokipata alijilaumu nacho: mwanawe alikuwa mgonjwa ndani ya nyumba yake, naye hakuona.

Mimi nilijua dada yangu hakuwa mgonjwa. Alianguka mbele ya mashine ya pili akiwa amekumbatia shuka za hospitali zilizolowa chapachapa. Lakini sikuwa na ushahidi wowote zaidi ya hizo shuka, na mwenye mashine ni mdogo wake mama, aliyetulea tangu baba alipotutoka. Nilichotaka ni mtu mmoja mwenye kipimo mkononi, aseme lile jambo kwa sauti, ili mama aache kujipekua.

Duka lina mashine tatu za kufulia, za chuma, zimepangwa ukutani. Ya kwanza na ya tatu hazina maneno. Ya pili ilikuwa inapiga shoti, hasa ikifua kwa maji moto. Si kila siku, na si kwa nguvu ileile. Mjomba akiambiwa alikuwa akisema, "Nitamwita fundi," na fundi akija alikuwa akigonga hapa na pale, akiondoka inatulia, halafu inarudia.

Dada yangu ndiye aliyetufundisha kuisalimia. Kabla ya kushika mlango wake unaigusa kwanza kwa mgongo wa mkono, kidogo tu. Alituambia kiganja kikipigwa na umeme kinajifumba na kung'ang'ania, ila mgongo wa mkono ukipigwa, mkono unarudi kwako wenyewe. Tukawa tunazisalimia mashine zote tatu, tusije tukasahau moja. Ikawa mazoea. Mwenzetu wa pasi, ambaye sote tunamwita Mama Pasi kwa kazi yake na kwa ulimi wake, maana vyote viwili ni vya moto, alikiri kwamba siku moja alilisalimia friji la mkwewe mbele ya wageni.

Siku ile dada yangu hakusalimia. Mikono yote miwili ilikuwa na shuka.

Mjomba alipopata habari kwamba maduka ya mtaa wetu yatakaguliwa, alimwita fundi, naye safari hii akashinda dukani. Alibadilisha soketi zilizoungua, akafunika nyaya zilizokuwa wazi. Kwenye mashine ya pili alifanya mambo mawili. Aliurudisha waya wa ardhi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja badala ya kwenye mwili wa mtu. Huo alikuwa ameuchomoa yeye mwenyewe zamani, kwa sababu ukifungwa, swichi kuu inajikata kila maji yakichemka. Kisha akachomoa nyaya za koili ya kuchemshia maji, koili yenyewe akaiacha ndani. Mashine ikawa ya maji baridi, pole kama kondoo.

"Mkiulizwa," mjomba alituambia, "mashine ya pili ni ya maji baridi. Siku zote."

"Hata juzi?" Mama Pasi akauliza.

"Hata juzi."

"Basi zile shuka za hospitali zilipata moto kwa maombi."

Hatukucheka sana. Mjomba hakucheka kabisa.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, amevaa viatu vya soli nene. Alikataa kiti. Alifungua boksi la swichi, akaminya hiki, akavuta kile, akapima soketi moja baada ya nyingine bila kuongea. Mjomba alikuwa nyuma yake, akisogea anaposogea.

"Nani anawafundisha wafanyakazi usalama wa umeme?"

"Mimi mwenyewe, mheshimiwa."

Mama Pasi akakohoa. Mkaguzi akamtazama, akaendelea kupima. Alipofika mashine ya pili aliweka ncha za kipimo chake, akasoma, akaandika. Akasema waya wa kuunganishia uliolala sakafuni uondolewe, maana kuna maji. Akasema mengine yako sawa.

Niliona mabega ya mjomba yakishuka. Mimi niliona nafasi yangu inapita.

"Karibu soda, mheshimiwa."

"Asante, nikiwa kazini sinywi. Nataka tu niwaone wakifanya kazi, halafu nawaacha. Endeleeni kama kawaida."

Tukaendelea kama kawaida. Mama Pasi alichukua beseni la mashuka, akafika kwenye mashine ya pili, akaigusa kwa mgongo wa mkono, akafungua. Mimi nikafuata na mataulo, nikaigusa ya tatu kwa mgongo wa mkono, nikafungua. Hakuna aliyewaza. Mjomba mwenyewe, akisogea kutupisha, aliugusa mlango wa ile ya kwanza vilevile, kisha akaegemea.

Kalamu ya mkaguzi ilisimama.

"Mbona mnazigusa hivyo?"

"Tunazisalimia," akasema Mama Pasi. "Hizi ni wakubwa zetu kazini."

"Mama, mimi natania vizuri tu nikiwa kwangu." Akanigeukia. "Wewe, binti. Kwa nini?"

Mjomba alinitazama. "Huyu ana msiba, mheshimiwa. Tumefiwa. Muache tu."

"Tunaangalia kama ina shoti kabla hatujashika," nikasema.

"Huwa inakuwa na shoti lini?"

"Hii ya pili, ikiwa kwenye maji moto."

"Nimeambiwa ni ya maji baridi."

"Tangu fundi alipokuja."

Alizima swichi kuu, akaomba bisibisi, akafungua mgongo wa mashine. Miguu ya koili ilikuwa imezibwa kwa tepu mpya. Akaibandua, akaweka ncha moja ya kipimo kwenye koili na nyingine kwenye chuma cha mashine. Namba ikaporomoka hadi karibu na sifuri.

"Koili imepasuka," akasema. "Ikiwa kazini, umeme unahamia kwenye bodi ya mashine." Akainama zaidi. Nati zote zilikuwa na kutu, isipokuwa ile ya waya wa ardhi. "Na huu waya, kabla ya kufungwa, ulikuwa wapi?"

Mjomba aliitazama ile nati.

"Ulikuwa unaning'inia," akasema Mama Pasi, na safari hii hakukuwa na utani.

Nikauliza nilichokuwa nacho. "Mtu aliyelowa, akiiegemea hii, maji yanachemka na waya unaning'inia?"

Mkaguzi aliitazama mashine, si mimi. "Anaweza kufa palepale."

"Bila kuwa na ugonjwa?"

"Hata awe mzima kabisa." Kisha akanitazama. "Kuna mtu?"

Nje pikipiki ilipita, ikaishia. Ningeweza kusema mimi, lakini mjomba alisema.

"Mpwa wangu. Dada yake huyu."

Mkaguzi aliweka kufuli kwenye swichi, akabandika karatasi nyekundu mlangoni, akamwambia mjomba kwamba taarifa ataipeleka kwa wanaohusika na kwamba ataitwa. Mjomba aliitikia kila kitu kwa kichwa. Tulishusha shata la duka pamoja, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine.

Tulipofika nyumbani jua bado lilikuwa uani, na mama alikuwa akisuuza sufuria. Nilidhani itabidi nianze mimi. Mjomba akanitangulia, akavua viatu mlangoni.

"Dada, acha vyombo. Kaa."

"Nasikia hata nikiwa nimesimama."

"Mtoto hakuwa anaumwa. Hakukuficha kitu."

Mama aliweka sufuria chini. Alijifuta mikono kwenye kanga, polepole.

"Alikuwa mzima?"

"Mzima. Ni mashine yangu. Ilikuwa inavuja umeme, na nilikuwa najua inapiga."

"Ulikuwa unajua." Mama hakupandisha sauti. "Ukakaa nami kwenye msiba. Ukanisikia ninavyouliza."

"Nilikusikia, dada."

Nilidhani atamfukuza. Naye alidhani hivyo, maana hakusogea kutoka mlangoni, viatu vyake mkononi. Mama alivuta kigoda akakaa, akamwonyesha mdogo wake sakafu iliyokuwa mbele yake.

"Nieleze yote. Usiruke."

Mjomba akakaa chini, akaanza na waya. Kila alipotaja kitu ambacho mama hakukielewa, koili, swichi, ardhi, mama alimsimamisha, naye akarudi nyuma akaeleza upya.