Nakwenda Kusaga

Kwa Bibiana kusaga kulikuwa na maana mbili, na zote mbili zilikuwa kweli. Mbele ilikuwepo mashine ya nafaka, injini ya dizeli iliyokuwa ikikohoa tangu siku za kambi ya mkonge. Nyuma, katika chumba cha mabati chenye mabenchi manne na ndoo za boha, pombe ya miwa, ilikuwepo baa ya wanawake wanaopenda wanawake. Huko Muheza mwanamke wa namna hiyo huitwa msagaji, na jina hilo hurushwa kama jiwe. Bibiana alilidaka, akalijengea. Kila Jumamosi mchana wanawake walijitwika mahindi, na mume akiuliza, mke alijibu, "Nakwenda kusaga." Hakuna aliyedanganya. Jioni alirudi na unga.

Ukutani mwa baa ilitundikwa mifuko midogo ya kitambaa cheupe, thelathini na minane. Kila aliyeingia mara ya kwanza alishona wake. Nje alitia kwa uzi jina lake la humo ndani. Ndani aliweka alichotaka kibaki: picha, barua, hereni moja, karatasi yenye jina alilobatizwa au kusomewa dua nalo. Akifa, au akihamishwa na mume, mfuko wake haukuguswa.

"Hakuna padri wala karani atakayetuandika sisi," Bibiana alisema. "Basi tujishone."

Loveness, mwenye miaka ishirini na sita, ndiye aliyeshona wa mwisho. Alikuwa na diploma ya utunzaji wa kumbukumbu, na siku ya kwanza tu aliomba kuipiga mifuko picha. Bibiana akakataa. "Simu ina mdomo. Shika kwa kichwa." Kwa hiyo kila Jumamosi, injini ikinguruma, Bibiana alimkaririsha majina yale moja moja, na kwa kila jina habari zake. Sukaina Mwavuli, aliyekuja jua kali akiwa amejifunika mwavuli kama mvua ya masika. Anastazia Reli. Lea Uzi wa Buluu.

Lakini Loveness alisomeshwa kutoamini vichwa vya watu. Siku moja Bibiana alipokwenda kununua dizeli, aliipiga picha mifuko yote. Wiki iliyofuata kioo cha simu kikapasuka, akaipeleka kwa Mathew, fundi wa pale stendi. Mathew alikaa nayo siku mbili. Kioo hubadilishwa kwa nusu saa.

Wanaume walikuja Jumamosi, saa sita, kabla wanawake hawajafika. Loveness alikuwa anamimina debe la mahindi katika mdomo wa mashine.

"Wasagaji! Tokeni nje!"

Bibiana alijipangusa unga usoni, akasimama mlangoni. "Msagaji ndiye mimi. Nani kaleta mahindi?"

Mmoja wao alicheka, akanyamazishwa kwa kiwiko. Walikuwa kumi na wawili, na mbele yao Fanueli, kiongozi wa waendesha bodaboda, ameshika kipande cha nondo. Bibiana alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Hujaniamkia, Fanueli. Unga wa mashine hii ndio uliokukuza."

"Shikamoo yako hii hapa."

Nondo ilitua kwenye taya. Loveness aliusikia mfupa ukivunjika, na injini inanguruma vile vile. Bibiana alianguka juu ya gunia la pumba, meno mawili yakatoka na damu.

"Tunataka ile mifuko," Fanueli alisema. "Kwenye simu tumeiona kwa nje tu. Leo tunaifungua sokoni. Jina moja moja, kila mume asikie."

Kwenye simu. Loveness alimkumbuka Mathew. Ni yeye. Hakuna mwingine.

Alikimbilia nyuma, akakomea mlango. Aliichuma mifuko ukutani kama mtu anayechuma machungwa ya wizi, akaijaza katika debe. Mlango wa uani ungempeleka shambani. Alipoushika, jiwe liligonga mabati, kisha jingine, kisha yakaja kama mvua. Kule nako walikuwepo wengine. Mbele alisikia teke likizama katika mwili wa Bibiana, na jingine, na mlio ambao hakujua kama mama yule anaweza kuutoa.

Akafungua komeo, akatoka mbele na debe kifuani.

"Ahaa," akasema Fanueli. "Binti ana akili. Lete."

Bibiana alikuwa chini. Taya lilining'inia, hakuweza kusema. Lakini wasagaji wa mashine hawasemi kwa mdomo. Katika kelele za injini husemeshana kwa mikono: ngumi ni funga, kidole juu ni ongeza, kiganja kinachogeuzwa chini ni mimina. Bibiana aliinua mkono uliojaa damu. Akageuza kiganja.

Loveness alidhani hakuona sawasawa. Miaka thelathini na moja ya baa ile ilikuwa ndani ya debe lile. Bibiana akageuza tena kiganja, kwa hasira.

Akamimina.

Mashine ilipiga yowe. Vitambaa vilichanika, karatasi zikamezwa, hereni za watu zikalia ndani ya chuma kama mawe, na chini ukatoka unga wa kijivu wenye nyuzi. Mwanamume mmoja alimkamata Loveness nywele, akambamiza ukutani. Sikio lake likajaa maji ya moto. Fanueli aliruka akatia mkono katika mdomo wa mashine, alinyakue lililobaki. Shati lake lilikuwa pana. Mkanda wa injini uliudaka mkono wa shati na kumvuta.

Alilia kama mbuzi. Mkono ulipinda pasipopindika, na wenzake, wanaume kumi na mmoja, wakarudi nyuma. Hakuna aliyejua mashine inazimwa wapi.

Anayejua alikuwa chini. Na kusaga kuna sheria moja kabla ya zote: mtu akishikwa, unazima. Huulizi ni nani. Bibiana alitambaa juu ya damu yake, akaufikia waya wa kuzimia injini, akauvuta. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Katika kimya kile Fanueli alijichomoa. Mfupa ulikuwa umetokeza chini ya kiwiko. Mkono wake wa pili, ulio mzima, ulikuwa umeshika mfuko mmoja ambao mashine haikuuwahi.

"Soma, Fanueli!" walipiga kelele. "Wa nani huo? Soma!"

Loveness aliuona. Uzi wa buluu, mshono wa mnyororo, na mwishoni fundo dogo kama punje ya choroko. Fanueli naye aliliona fundo lile. Midomo yake ilicheza. Mashati yake yote ya shule ya msingi yaliandikwa jina lake kwa uzi ule, kwa fundo lile, na mwanamke aliyekuwa akijitwika mahindi kila Jumamosi, mpaka kifua kikuu kilipomuua.

Loveness alizikariri habari za Lea; neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wake: mama yako. Mwambie. Mwambie mbele yao wote, limvunje na yeye taya. Akamtazama Bibiana. Mkono ule wa damu ulikuwa umekunja ngumi. Funga.

Akafunga.

"Soma bwana!"

"Halisomeki," Fanueli alisema. Aliusokomeza mfuko ndani ya shati, karibu na ngozi. Uso wake ulikuwa mweupe kwa unga. Kisha akapiga kelele, sauti ikakatika katikati: "Mnangoja nini? Chomeni! Chomeni yote!"

Walitumia dizeli ya mashine yenyewe. Loveness alimshika Bibiana makwapani, akamburuta kupitia uani, ambako sasa hapakuwa na mtu, hadi shambani, mawe yakimpiga mgongoni. Hakuna aliyewafuata mbali. Moto ulikuwa unapendeza zaidi kutazama.

Walijilaza katika mkonge uliotelekezwa, miiba ikiwachoma, moshi ukipita juu yao. Bibiana alipumua kwa koo. Macho yake yalimtaka Loveness kitu, na Loveness alijua ni kitu gani. Loveness alitema damu, akaanza.

"Sukaina Mwavuli. Anastazia Reli." Bibiana alikunja kidole kwa kila jina. "Precious wa Mkwaja. Rehmatbai Karafuu." Aliendelea, na kila jina alilitaja na habari zake. Alipofika kwenye lile, alilivuka. Akataja la mbele yake.

Kidole hakikukunjwa. Bibiana alimkamata kifundo cha mkono, akakibana mpaka kikauma.

"Huyo simtaji," Loveness alisema. "Mwanawe kakuvunja taya."

Bibiana aliinua kiganja, taratibu, akakigeuza chini.

Bati la baa lililipuka kule nyuma. Loveness alilia kwanza. Kisha akamimina.

"Lea Uzi wa Buluu. Alikaa benchi la mlangoni. Aliimba vibaya na hakukubali kuambiwa. Alimpenda Anastazia miaka tisa. Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, na kila Jumamosi aliwahi kuondoka ili akampikie."