Hendeli Nyepesi

Panga lilimwingia Marhoun nyuma ya mguu wa kushoto, juu kidogo ya kisigino, likaukata ukano kama mtu anavyokata kamba ya mbuzi. Alianguka pale pale uwanjani, mkono mmoja bado umeshika mnyororo.

Aliyemkata alikuwa Vuai, mkaazi katika shamba lake la mikarafuu nje ya Wete, na sababu ilikuwa mnyororo wenyewe. Mwaka ule wa kura Marhoun alikuwa na mtindo wake wa kuwahamisha wakaazi waliompigia kura mtu asiyemtaka yeye. Alifunga mnyororo kwenye nguzo ya pembe ya nyumba, ncha ya pili akaifunga nyuma ya gari lake la jipu, kisha akatia gia. Nyumba ya udongo haichukui muda. Vyungu huvunjika, watoto hulia, basi, kiwanja kimebaki kiwanja. Mbili alikwisha kuziangusha. Ya tatu ilikuwa ya Vuai, na Vuai hakungoja gia itiwe.

Vuai alikimbilia Kojani, kwa watu wa mama yake, akafichwa. Mkewe Mize alibaki nyumbani akitwanga na kupika kama jana. Marhoun naye alilala hospitali hadi mikarafuu ikavunwa bila ya yeye kuiona. Alipotoka alikuwa na magongo mawili, na mguu wa kushoto ukining'inia kama kitu cha kuazima. Klachi hakuweza tena kuikanyaga. Akatafuta dereva. Hakuna dereva Wete nzima aliyekubali kumkokotea mnyororo.

Ndipo siku moja akajileta kwa Silima, fundi wa magari, na nyuma yake nyapara wake, Jaribu, akisukuma mkokoteni wenye chuma kizito kilichofungwa magunia.

"Fundi, asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam, Bwana Marhoun. Mguu vipi?"

"Mguu umekufa. Shemegi yako kauchinja." Akalipiga gunia kwa gongo. "Hiyo ndiyo dawa yake. Giaboksi la gari la Kimarekani, jipya jipya. Mwenyewe kaligonga ukuta kule Mombasa hata mwaka hajamaliza nalo. Halina klachi, Silima. Linabadilisha gia lenyewe. Mguu mmoja tu, breki na mafuta. Nataka ulitie kwenye jipu langu."

Silima akacheka. "Jipu lile la vita vya Mjerumani? Na hili? Bwana, ni kumvisha punda kofia ya bwana harusi."

"Livishe."

"Haliwezekani."

Marhoun akamtazama. Watu hawa wawili walikua pamoja, wakiogelea bandarini, wakiiba maembe ya watu. Silima aliyajua macho yale, na siku hizi yalikuwa na kitu kingine ndani.

"Silima, dadako Mize anakaa wapi?"

Silima akaifuta mikono kwa kitambaa.

"Lifanye gari hili liende, na nyumba ya Mize siigusi. Wallahi siigusi. Usipolifanya, ntaikokota kwa ng'ombe."

"Na Vuai?"

"Vuai ni wangu. Mie nimesema nyumba."

Silima akapeleka habari kwa dada yake. Mize hakuacha kutwanga.

"Kaka, unamtengenezea mguu mtu anayetaka kuniangushia paa?"

"Namtengenezea ili asiliangushe. Ameapa."

"Haya. Wewe na vyuma vyako." Mchi ukashuka kwenye kinu kama unampiga mtu.

Kazi ile ilikuwa ni kupigana. Injini kuukuu na giaboksi jipya havikukubali kukaa pamoja, tundu za hili hazikuelekea tundu za lile. Silima akakata bamba la chuma nene, akalitoboa, akalifanya kiungo baina yao. Boksi dogo la nyuma, linalogawa nguvu kwa magurudumu yote manne, hakuweza kulitupa, maana bila hilo jipu si jipu tena katika matope ya Pemba. Basi akalirudisha nyuma, shafti moja akaikata, nyengine akaiunga. Msumeno ulimchana kiganja, nyundo ikampasua ukucha. Giaboksi likamwangukia kifuani, akalala chini yake akitukana mpaka majirani wakaja kulinyanyua.

Likakaa. Akalimiminia oili yake, akatia hendeli, chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, mbele ya jipu, maana betri ilikuwa imezeeka, stata ikikohoa tu. Akazungusha. Likawaka. Akapunguza mlio wake uwe wa chini sana, kwa kuwa aliona gari linataka kutambaa lenyewe hata bila kukanyagwa mafuta.

"Sikiliza, bwana," alimwambia Marhoun. "Kigingi hiki kikiwa mbele kabisa, gia imetoka. Katikati, linakwenda. Nyuma kabisa, linarudi. Ukilizima, kwanza kirudishe mbele."

"Nimeendesha gari tangu wewe unafukuza kuku."

"Kirudishe mbele, Marhoun."

Marhoun akaendesha. Akauzunguka mji wa Wete, gongo likimning'inia ubavuni, watu wakikimbilia barazani. Alirudi akicheka kama mtoto, na wallahi hata Silima alifurahi kidogo kumwona vile. "Panda, fundi," akasema. "Tukalijaribu kwenye matope ya shamba." Silima akapanda. Jaribu akaruka nyuma.

Walipofika kwenye kona ya shamba Silima akasikia kitu kinachezacheza miguuni mwa Jaribu, chuma juu ya chuma. Akageuka. Ulikuwa mnyororo.

"Uliapa," Silima akasema.

"Niliapa na maumivu. Mtu mwenye maumivu husema mengi."

"Marhoun, uliapa!"

"N'ambie Vuai alipo, nyumba ibaki. Si hivyo tu?"

Silima akaurukia usukani. Jipu likayumba, likachuna shina la mnazi, na Jaribu akampiga rungu la sikio. Silima akaona dunia imekuwa nyeupe. Jaribu akampiga tena. Alipoanza kuona sawasawa walikuwa wamekwisha kufika kwa Mize, jipu limeipa nyumba mgongo, na Jaribu anafunga mnyororo kwenye nguzo ya pembe. Vuai alikuwa ameichimbia nguzo ile kwenda chini mpaka akakuta maji. Uwanja ulikuwa na mteremko, na chini ya mteremko, mbele kidogo ya jipu, palikuwa na mkarafuu mkubwa.

Marhoun akakanyaga mafuta. Jipu likaanza kuondoka, na Mize akatoka mbio akasimama mbele yake, mikono imepanuka.

"Pita juu yangu mie kwanza!"

Marhoun akakanyaga breki kwa nguvu. Injini, kwa mlio wake ule wa chini, ikakata pumzi na kuzima. Pakawa kimya, mnyororo umelegea chini. Jaribu akamshika Mize nywele, akamburura mpaka penye kinu, akampiga kofi, akampiga la pili. Mize akamuuma mkono, akapigwa teke la tumbo.

"Mwache!" Silima akapiga kelele.

"Shuka ushike hendeli," Marhoun akasema. Sasa alikuwa na bastola mkononi, ndogo, ya zamani. "Liwashe, Jaribu atamwacha. Shuka!"

Silima akashuka. Damu ya sikioni ilikuwa imefika shingoni. Akasimama baina ya jipu na mkarafuu, akatia hendeli tunduni. Na hapa ndipo mkono ulipomponza. Fundi wa siku zile hakuwa akitazama gia. Mkono ndio uliotazama. Ukizungusha hendeli ikawa nzito, unavuta gari zima, basi gia imo, mwambie dereva aitoe. Ikiwa nyepesi, gia imetoka, zungusha. Silima alikuwa amewafundisha hivyo mafundi wa Wete wote. Akazungusha kidogo. Ilikuwa nyepesi. Lakini katika giaboksi lile kilichounga injini na gia ni oili, na oili haimzuii mtu hendeli, gia iwemo isiwemo. Alilijua hilo. Aliimimina mwenyewe oili ile. Mkono wake haukulijua. Na Marhoun, aliyezoea kukanyaga klachi asahau mengine, alikuwa amekiacha kigingi katikati, na kishikizo cha kutilia mafuta kwa mkono amekivuta hadi mwisho, injini isizime tena.

Silima akazungusha kwa nguvu zake zote.

Injini ikanguruma, hendeli ikaruka, na jipu likamvamia. Bampa likampata mapajani, likamrudisha nyuma, likamgandamiza kwenye mkarafuu. Akasikia mfupa wake unalia kabla hajasikia uchungu. Kisha mnyororo ukakazika, ng'a! Nguzo ya Vuai ikalipokea jipu kwa nyuma, na jipu likasimama hapo likitetemeka, magurudumu yote manne yakichimba udongo. Nyumba ya Mize ndiyo iliyokuwa imelishika lisimmalize.

Marhoun mwanzo alishtuka. Mguu wa kulia ukaenda kwenye breki. Halafu haukukanyaga. Silima aliuona uso wake ukifikiri.

"Vuai yuko wapi?"

Silima alifungua kinywa, pumzi haikutoka.

"Sema alipo, nikanyage breki. Sema, Silima!"

Nguzo ikalia. Jipu likasogea upana wa kidole. Silima akapiga ukelele ambao baadaye watu walisema waliusikia hadi barabarani.

Jaribu aligeuka kutazama, na hilo lilimtosha Mize. Akauchomoa mchi kinuni, akampiga nao Jaribu goti, akamvuka. Akalifikia jipu kwa upande ule aliokuwa amekaa kaka yake. Marhoun akageuza bastola. Mchi ukamwangukia mkononi, bastola ikaruka majanini. Ukarudi tena, ukampata taya. Meno yakamtoka na damu, akapinduka nje ya jipu upande wa pili, kanzu imenasa kwenye kiti.

"Nifanye nini?" Mize akalia. "Kaka, nifanye nini?"

"Kigingi," Silima akasema.

"Upande upi?"

Silima aliona yote kwa mara moja. Akikipeleka mbele, gia itatoka, na jipu na uzito wake wote litalala juu yake kwenye mteremko ule. Nyuma kabisa litarudi, na nyuma palikuwa na nyumba. Nyumba ambayo alikuwa amechanwa kiganja kwa ajili yake.

"Nyuma kuna..."

"Silima, sema!"

"Vuta nyuma kabisa."

Mize akavuta.

Jipu likaruka nyuma kama lililopigwa mjeledi. Likamtupa Mize chini, likamburura Marhoun kwa kanzu yake, likaingia katika nyumba kwa kishindo. Nguzo ya Vuai ikavunjika, ukuta ukafumuka, paa la makuti likashuka taratibu likalifunika jipu hadi kwenye usukani. Injini ikazima. Gurudumu la mbele lilikuwa limekaa juu ya mguu wa Marhoun. Mguu wa kulia, ule mzima.

Watu wakaja na majembe yao, wakasimama.

"Washeni gari," Marhoun akasema, damu ikimtoka na maneno. "Lisogezeni. Jaribu! Shika hendeli!"

Jaribu akachechemea, akaiokota hendeli. Akalitazama jipu, akautazama mkarafuu na damu iliyokuwa juu yake, akamtazama Silima pale chini.

"Fundi, gia imetoka?"

Silima akageuza uso. Jaribu akaiweka hendeli chini polepole, kama mtu anayeweka yai, akaondoka kwa njia ya migombani.

"Linyanyueni kwa mikono," Silima akasema mwishowe. "Mtu huyo atakufa."

Watu wakainama kulishika bampa. Mize akasimama baina yao na jipu. Mdomo ulikuwa umemvimba, tumbo amelishika.

"Kaka yangu kwanza."

"Bi Mize, huyu yu chini ya..." mmoja wao akaanza.

"Nimesema kaka yangu kwanza."

Hakuna aliyebishana naye. Wakauchomoa mlango wa nyumba kwenye kifusi, kitu pekee kilichobaki kizima, wakamlaza Silima juu yake, wakaubeba kuelekea hospitali. Ilibidi wawe wengi, na kwa hivyo uwanjani hakubaki mtu. Marhoun aliwaita kwa majina yao mmoja mmoja. Alimwita Silima kwa jina la utotoni, lile la bandarini, na Silima akafumba macho.

Mize alitembea ubavuni mwa mlango wake. Hakuchukua chungu wala nguo. Alichukua hendeli, ameiweka begani kama mchi, asije mtu akaliwasha jipu lile kabla yeye hajarudi.